Kwa nini -std=c99 inaficha funksheni zako, na cha kufanya mizani ikikusubiri

*"Habari za kazi mtaalamu. Niko Tukuyu. Naandika programu ya C inayosoma mizani ya kidijitali kwenye kituo cha kupokelea majani mabichi ya chai. Mizani inaungwa na kompyuta kwa waya wa siriali kupitia kigeuzi cha USB. Kwenye Ubuntu 24.04 ilikuwa inakompaili na kufanya kazi vizuri. Mwalimu wangu wa chuo akaniambia msimbo safi hukompailiwa kwa -std=c99 -pedantic. Nilipofanya hivyo ikadai CRTSCTS haijulikani. Nikaufuta mstari huo. Yakabaki maonyo kuhusu strdup na cfmakeraw. Ikakompaili, ila nikiiendesha inaanguka. Nikaweka _POSIX_C_SOURCE, strdup ikapona, cfmakeraw bado. Nikaongeza _GNU_SOURCE, yote yakapita. Sasa mwenzangu aliyeko Iringa anatumia Mac, anasema kwake cfmakeraw imepotea, wakati mwanzo ilikuwepo hata kwa -std=c99! Zaidi ya hayo, waya ukichomoka, kwangu ujumbe wa kosa unatoka herufi za ajabu. Je, heda za Linux ni mbovu? Kwa nini wasifuate kiwango tu tukapumzika? Na mimi nifuate kiwango au nifuate kinachofanya kazi?"*

Asante kwa kueleza hatua zako moja baada ya nyingine. Watu wengi huandika "imegoma" wakaishia hapo, na mtu wa kujibu anabaki kubahatisha. Kwa ulivyoeleza naweza kukuambia chanzo cha kila ulichokiona bila kuugusa msimbo wako.

Nianze na hofu yako kubwa. Heda za Linux si mbovu, na za Mac si mbovu. Zote zimekujibu kile ulichoomba. Tatizo ni kwamba uliomba mara nne, kila mara kitu tofauti, na mifumo hiyo miwili haikubaliani juu ya maana ya maombi hayo. Na ile hali ya "nimeongeza hiki, yote yakapita" ndiyo iliyokuletea zile herufi za ajabu.

Tuondoe kwanza dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba strdup (ya kunakili maandishi) au cfmakeraw (ya kuifanya poti ipitishe data ghafi) "haipo" ukitumia -std=c99. Ipo. Iko ndani ya maktaba ya C, palepale ilipokuwa jana, na ndiyo maana hatua ya mwisho ya kuunganisha ilipita bila kelele. Kilichofichwa ni tangazo lake ndani ya heda, yaani faili la .h linalomtajia kompaila majina yaliyopo. Chukulia mgahawa pale Uyole: ubao wa nje umeandikwa chai na chapati tu, lakini jikoni supu inachemka kama kawaida. Heda ni ule ubao. Fungua mwenyewe /usr/include/termios.h kwenye Ubuntu yako, utakuta kitu hiki:

    #ifdef __USE_MISC
    extern void cfmakeraw (struct termios *__termios_p) __THROW;
    #endif

Mistari hiyo mitatu inaeleza karibu nusu ya masaibu yako. Makro (jina linaloshughulikiwa kabla msimbo haujakompailiwa) ya __USE_MISC ikiwashwa, tangazo linaonekana. Isipowashwa, kompaila haijawahi kuisikia cfmakeraw.

Dhana ya pili ni kwamba -pedantic ndiyo iliyokufanyia hivyo. Hapana. -pedantic inakagua msimbo wako wewe, na maonyo yanayotokea ndani ya heda za mfumo huyanyamazia. Aliyebadilisha mambo ni -std=c99. Jaribu amri hii:

    echo | gcc -std=c99 -dM -E - | grep STRICT

Utaona makro iitwayo __STRICT_ANSI__ imewekwa. Rudia kwa -std=gnu99 (C99 pamoja na nyongeza za GNU), haitatokea. Heda za glibc, maktaba ya C inayotumika Ubuntu, zikiiona makro hiyo na wewe hujataja kingine, zinajibana hadi kwenye kiwango rasmi cha lugha, ISO C, na nyongeza nyingi za mfumo zinafichwa.

Sasa kwa nini wafiche? Hapa ndipo penye moyo wa swali lako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiwango cha C kinagawa majina. Kuna majina ya maktaba, kama printf na malloc. Kuna majina yaliyotengwa kwa ajili ya kompaila na mfumo, kama yale yanayoanza na mistari miwili ya chini. Yaliyobaki yote ni ya mwandishi wa programu, na mfumo hauruhusiwi kuyachukua. Sasa angalia getline. Kwa miaka mingi waandishi wa C walijiandikia funksheni yao wenyewe ya jina hilo, ya kusoma mstari mmoja. Hilo lilikuwa halali kabisa, maana C haina getline. Kisha POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, toleo la 2008, ikaiingiza getline ndani ya stdio.h, yenye vigezo tofauti. Programu ya zamani iliyoandikwa kwa uaminifu, isiyo na kosa lolote, ikaanza kukataliwa: aina zinagongana. Nani mwenye haki hapo? Kwa mujibu wa ISO C, ni yule mwandishi wa zamani. Kwa hiyo ukimwambia kompaila "nataka C99 na si zaidi", heda inalazimika kunyamaza kuhusu getline ili kulinda haki yako ya kulitumia jina hilo.

Lakini hakuna programu ya maana inayogusa kifaa kwa ISO C peke yake. Ndani ya kiwango cha C hakuna neno hata moja kuhusu poti ya siriali. open, read, tcsetattr, zote ni za POSIX, kiwango kingine kabisa, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1988 ili kusogeza pamoja koo za Unix zilizokuwa zinaachana, hasa System V na BSD. Na cfmakeraw haimo hata ndani ya POSIX 2008. Ni desturi ya BSD ambayo Linux na Mac wameikubali kwa sababu inasaidia. CRTSCTS vilevile.

Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini wasifuate kiwango tu", jibu ni kwamba viwango ni vingi, na faili lilelile la heda linatakiwa kuvitumikia vyote. stdio.h moja inamhudumia anayetaka C ya 1989, anayetaka POSIX ya 2001, na wewe unayetaka kila kitu. Makro kama _POSIX_C_SOURCE ni njia ya kusema uko upande gani. Thamani 200112L ni POSIX ya 2001, 200809L ni ya 2008.

Mifumo inaachana kwenye kile inachofanya usiposema kitu. Kwenye glibc, usipotaja chochote na ukawa kwenye gnu99 au zaidi, unapata mengi: POSIX pamoja na desturi za BSD. Ukisema -std=c99 pekee, unabanwa. Ukisema _POSIX_C_SOURCE pekee, unapata POSIX lakini desturi za BSD zinafungwa, ndiyo maana strdup ilipona na cfmakeraw ikabaki gizani. Kwenye Mac na FreeBSD (mfumo wa ukoo wa BSD) mambo ni kinyume: -std=c99 haifichi nyongeza hizo, ndiyo maana mwenzako wa Iringa hakuona shida mwanzoni. Kinachofunga mlango kwao ni _POSIX_C_SOURCE. Ulipoiweka wewe kwa ajili ya Linux, ukaifunga cfmakeraw ya mwenzako. Na _GNU_SOURCE uliyoiongeza baadaye kwenye Mac haifungui kitu, kwa sababu Mac ina makro yake, _DARWIN_C_SOURCE.

Ukiniuliza ninaegemea wapi, nitasema glibc iko sahihi zaidi kwa herufi ya kiwango, na Mac na FreeBSD wako karibu zaidi na kile ambacho mtu wa kawaida anakitegemea. Mtu anayeandika -std=c99 mara nyingi anataka lugha ya C99; hakudhamiria kupoteza nusu ya mfumo wake. Ila siwezi kuwalaumu glibc kwa kulichukua ombi kama lilivyoandikwa.

Tuje kwenye kuanguka kwa programu, maana hilo ndilo lingeweza kukuharibia kazi kituoni. C ya zamani, kabla ya C99, iliruhusu kuita funksheni ambayo haijatangazwa, na kompaila ilidhani inarudisha int. C99 ilikataza, lakini GCC iliendelea kwa miaka mingi kutoa onyo tu. Sasa kompyuta yako ni ya biti 64. strdup inarudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, ya biti 64, lakini kompaila, kwa kutokuwa na tangazo, inachukua biti 32 za chini peke yake. Tuseme anwani halisi ni 0x55d3c0a812a0. Kinachobaki ni 0xc0a812a0, kisha kinarefushwa tena kuwa pointa na kinakuwa 0xffffffffc0a812a0. Anwani hiyo si yako. Ukiisoma, mfumo unaiua programu papo hapo. Kwa cfmakeraw ulibahatika tu: hairudishi kitu, kwa hiyo hakukuwa na cha kukatwa.

Ndiyo maana nafurahi kwamba GCC 14, iliyotoka Mei 2024, imeligeuza onyo hilo kuwa kosa linalosimamisha kazi. Clang 16, ya kompaila nyingine ya C, ilitangulia mwaka mmoja kabla. Ubuntu 24.04 inakuja na GCC 13, kwa hiyo jilinde mwenyewe: ongeza -Werror=implicit-function-declaration leo hii. Hata usipofuata ushauri wangu mwingine wowote, fuata huu.

Na zile herufi za ajabu? Nina hakika umeandika kitu kama hiki:

    strerror_r(errno, buf, sizeof buf);
    puts(buf);

Kwenye glibc strerror_r ziko mbili. Ya POSIX inajaza buf na kurudisha namba. Ya GNU inarudisha pointa ya ujumbe, na mara nyingi haiigusi buf kabisa, kwa sababu ujumbe tayari uko ndani ya maktaba. Ulipoweka _GNU_SOURCE ukabadilishiwa funksheni bila kuambiwa. buf yako haikujazwa, ukachapisha takataka iliyokuwemo. Mac inayo ya POSIX tu, kwa hiyo kwake ujumbe unatoka safi. basename ina mtego wa aina hiyohiyo. Hii ndiyo sababu sipendi ushauri wa "weka _GNU_SOURCE uendelee na maisha". Mtu anadhani anaongeza majina tu, kumbe mengine yanabadilika maana. Ukiihitaji kweli, kwa funksheni ya Linux isiyo na mbadala, iweke na usome ukurasa wa mwongozo wa kila funksheni unayoitumia. Wewe huihitaji.

Sasa tuchague njia. Kama programu hii ingebaki kwenye kompyuta moja ya Ubuntu kituoni milele, ningekuambia tumia -std=gnu99, usiweke makro yoyote, uendelee na kazi. Hakuna aibu ndani yake; programu nyingi nzuri zimeandikwa hivyo. Lakini tayari una mwenzako mwenye Mac, na programu za mizani zina tabia ya kuhamia kituo cha pili na cha tatu, kwenye kompyuta yoyote iliyopatikana. Kwa hiyo ningeandika hivi ndani ya Makefile:

    CFLAGS = -std=c99 -Wall -Wextra -pedantic \
             -Werror=implicit-function-declaration \
             -D_POSIX_C_SOURCE=200809L

Mwalimu wako anapata C99 yake, nawe unapata POSIX iliyotajwa kwa jina na mwaka. Iweke kwenye amri ya kompaila kama hapo, usiitawanye ndani ya mafaili. Makro hizi zinasomwa mara moja tu, kwenye #include ya kwanza kabisa. Mtu akiandika #define chini ya #include mojawapo, amechelewa, na hakuna atakayemwambia.

cfmakeraw iache, iandike mwenyewe. Si funksheni ya siri. Inazima na kuwasha biti chache ambazo zote zimo ndani ya POSIX:

    t.c_iflag &= ~(IGNBRK | BRKINT | PARMRK | ISTRIP
                   | INLCR | IGNCR | ICRNL | IXON);
    t.c_oflag &= ~OPOST;
    t.c_lflag &= ~(ECHO | ECHONL | ICANON | ISIG | IEXTEN);
    t.c_cflag &= ~(CSIZE | PARENB);
    t.c_cflag |= CS8 | CLOCAL | CREAD;
    t.c_cc[VMIN] = 1;
    t.c_cc[VTIME] = 0;

CLOCAL na CREAD nimeziongeza mimi kwa ajili ya mizani, hazimo ndani ya cfmakeraw ya glibc. Angalia pia kitabu cha mizani: hapo juu nimechukulia biti 8 bila pariti. Kama mizani yako inatuma biti 7 zenye pariti shufwa, weka CS7 badala ya CS8, pamoja na PARENB, la sivyo utasoma namba zilizoharibika na utailaumu heda bure.

Inabaki CRTSCTS, swichi ya kudhibiti mtiririko wa data kwa nyuzi za ishara, na hapa sikubaliani na ulivyofanya kuufuta mstari. Kama mizani yako inatuma uzito wenyewe mfululizo, huenda usione tofauti. Lakini mizani nyingine husubiri itumiwe amri kwanza. Waya wa siriali ukiwa na nyuzi tatu tu, kutuma, kupokea na ardhi, na poti ikawa imeachwa na CRTSCTS imewashwa na programu nyingine, amri yako haitatoka. Kompyuta itasubiri ishara ambayo hakuna uzi wa kuileta. Kwa hiyo inabidi uizime waziwazi. Kwa kuwa si ya POSIX, itenge: peleka msimbo wote wa poti kwenye faili lake, tuseme poti.c, na faili hilo peke yake ulikompaili kwa -D_DEFAULT_SOURCE badala ya -D_POSIX_C_SOURCE=200809L. Kwenye Ubuntu hiyo inafungua POSIX pamoja na desturi za BSD, bila kuleta ile strerror_r ya GNU. Kwenye Mac na FreeBSD hakuna cha kufunguliwa, maana hujafunga kitu. Ndani yake andika:

    #ifdef CRTSCTS
        t.c_cflag &= ~CRTSCTS;
    #endif

CRTSCTS ni makro, kwa hiyo unaweza kuuliza kama ipo. Funksheni huwezi kuiuliza hivyo. Na ona kwamba hatukuuliza "hii ni Linux au Mac?" Tumeuliza kuhusu kitu chenyewe. Waandishi wa musl, maktaba ya C inayotumiwa na Alpine (aina nyingine ya Linux), wamekataa kwa makusudi kuweka makro ya kuitambulisha maktaba yao, ili watu wazoee kuuliza kuhusu uwezo badala ya jina. Nawaunga mkono.

Kuna njia za mkato utakazokutana nazo, naomba uziepuke. Usiandike mwenyewe tangazo la funksheni ya mfumo ili kumnyamazisha kompaila. Siku aina za vigezo zikitofautiana kwenye mfumo mwingine, utarudi kwenye pointa iliyokatwa. Usiwashe __USE_MISC wala __BSD_VISIBLE kwa mkono, wala usiifute __STRICT_ANSI__. Hayo ni mambo ya ndani ya heda, yanaweza kubadilika toleo lolote bila taarifa.

Kwa mwalimu wako, sioni haja ya kubishana. Mpelekee hiyo Makefile na umwambie kwamba kazi yako inahitaji POSIX juu ya C99, na kwamba umeitaja. Alichokitaka ni nidhamu, na hiyo ipo.

Ukifanya yote haya na bado programu inaanguka, usiendelee kubadilisha makro kwa kubahatisha. Tafuta mtu wa kukaa naye kwenye skrini moja. Mkiwa Mbeya, pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, wapo watu wanaoishi na C kila siku. Nenda na amri kamili ya kompaila ilivyoandikwa, maonyo yote bila kupunguza, na matokeo ya gcc --version kutoka kwako na ya clang --version kutoka kwa mwenzako.

Na jambo moja halihusu heda kabisa. Uzito huo ni malipo ya mkulima. Kusoma mizani kupitia poti yake ya nje ni sawa. Ila ukifika mahali unaona suluhisho ni kufungua mizani au kubadilisha mpangilio ulio nyuma ya lakiri, simama hapo na uwaite Wakala wa Vipimo kwanza. Kabla ya kuiamini programu kituoni, pima magunia kadhaa ukilinganisha namba ya kwenye skrini ya mizani na ile inayoandikwa na kompyuta, na ufanye hivyo tena baada ya kuchomoa na kurudisha waya kazi ikiwa inaendelea.